Jinsi ya kuiangalia Cool Hand Luke mpaka ikuingie

Mtu akiambiwa kuna muvi kali ya jela, ya kitambo, stelingi ni Paul Newman, anacheza mfungwa mbishi asiyekubali kupelekeshwa, hapohapo kichwani anaona handaki linachimbwa usiku, ramani imefichwa ndani ya godoro, mlinzi kahongwa, na mwisho jamaa yuko nje anavuta hewa safi. Sasa Cool Hand Luke ya 1967 haina hivo vitu. Hakuna mpango wowote humu, Luke mwenyewe ungemuuliza anaelekea wapi asingekujibu, na ndo maana wengi wakifika nusu saa wanaanza kulalamika mbona haianzi. Imeshaanza bana, ila we unaangalia sipo.

Kwahiyo ntaeleza namna ya kuikalia hii muvi, na kanuni kubwa naitoa hapahapa mapema ili hata ukiishia aya hii uwe umepata kitu: usimkodolee macho Luke peke yake, waangalie wanaomwangalia. Bweni zima la wanaume linamtolea macho huyu jamaa toka anaingia, askari nao wanamwangalia, na hadithi yenyewe inatembea kwenye nyuso zao zaidi ya anachofanya yeye. Ukishika hilo, vitu vilivyokuwa vinaonekana vya kupoteza muda (karata, mayai, ngumi za jumamosi) vinageuka kuwa ndo nyama yenyewe.

Maandalizi kwanza, fasta tu. Muvi ina kama masaa mawili na dakika saba, kwahiyo usiianze usiku umechoka halafu ukaimalizia kesho, inavunjika. Picha yake ni pana, ya kunyooka kulia na kushoto, na TV nyingi zina kale kamtindo ka kuivuta picha ijaze skrini yote. Toa hiyo setingi. Sini nyingi humu zina wanaume kumi au zaidi wamebanana kwenye fremu moja na ukizikata pembeni umekata watu, na nimeshakwambia watu ndo unaowafuata. Simu pia haifai, nyuso zinakuwa ndogo mno. Weka sabtaito hata kama kingereza chako kiko vizuri, sababu wanaongea lafudhi nzito ya kusini mwa Marekani na nusu ya maneno yanatokea puani. Na kama una hedifoni nzuri vaa, sauti ya kufyeka majani, minyororo na wadudu wa joto inafanya kazi kubwa kuliko maongezi.

Haya, kabla hujapleya kuna mambo machache ya kujua ili usipoteze muda kujiuliza. Jela yenyewe sio ile ya kuta ndefu na minara, ni kambi ya mbao kusini mwa Marekani, wafungwa wanapakiwa kwenye malori asubuhi kwenda kufyeka majani, kuchimba mitaro na kumwaga lami pembeni ya barabara, jioni wanarudishwa wanahesabiwa wanafungiwa. Imetoka kwenye kitabu cha 1965 cha Donn Pearce, na huyu bwana hakusimuliwa, yeye mwenyewe alifungwa Florida kwa kuvunja kasiki na akafanya kazi kwenye genge la barabarani hivohivo. Script akaiandika pamoja na Frank Pierson, afu humo ndani wakampa na nafasi ndogo ya mfungwa mmoja. Dairekta ni Stuart Rosenberg, alikuwa ametokea kwenye televisheni. Walishuti California karibu na mji wa Stockton, ila hutajua, jasho lile linaonekana la Florida kabisa, na sifa hiyo apewe mshika kamera Conrad Hall aliyeliacha jua lichome mpaka kwenye lenzi.

Kingine, wafungwa wote wa hii kambi ni wazungu. Sio bahati mbaya, jela za kusini enzi hizo zilitenganisha watu kwa rangi. Muvi haikuelezi, inakuachia tu, lakini ukilijua utawaangalia kwa jicho lingine wale watoto wawili weusi wanaotokea baadae kidogo tu na kumsaidia Luke bila kuulizwa maswali mengi.

Halafu zingatia minyororo. Watu wanadhani wafungwa wote wa namna hii walifungwa miguu muda wote, humu sivyo, mnyororo ni adhabu ya aliyejaribu kutoroka. Ukimuona mtu ana mnyororo ujue ana historia, na ukimuona ana miwili ujue ana historia mara mbili.

Kuanzia hapa naingia kwenye sini zenyewe, kwahiyo kama hutaki spoila kaangalie kwanza afu urudi. Kama hujali, twende, tena binafsi naona hii muvi haiharibiki kwa kujua mwisho, mwisho wake unaunusa tangu mwanzo.

Inaanza na mita ya paking. Kitu cha kwanza kujaa kwenye skrini ni neno la kosa lililoandikwa kwenye ile mita, kubwa, jekundu, afu ndo unamuona Luke kalewa, ana chupa, anakata vichwa vya mita moja baada ya nyingine usiku wa manane. Polisi wanafika, hakimbii, anacheka. Kwa hilo anakula miaka miwili. Hapa watu wanatafuta sababu, alikuwa anapinga nini, serikali au nini, na muvi inakujibu baadae kidogo pale mkuu wa kambi anayeitwa Captain anamuuliza ulitegemea itakufikisha wapi, na Luke anamwambia kwa upole tu kwamba hakuwa anafikiria. Chukua hilo jibu kama lilivyo. Usimtengenezee itikadi. Mtu huyu alipigana vita akapewa nishani za ushujaa, na akatoka jeshini na cheo kilekile alichoingia nacho. Captain anaisoma hiyo rekodi kwa sauti, wala hashangai sana, ila na we ushajua huyu mtu ana tatizo gani na wakubwa.

Sini ya mapokezi bwenini isikupite. Carr, msimamizi wa bweni, anasoma sheria kwa sauti ya kuchosha kama mtu anasoma menyu: ukipoteza kijiko unalala usiku mmoja kwenye boksi, ukikaa kitandani na suruali chafu usiku mmoja kwenye boksi, na kadhalika na kadhalika. Boksi ni kibanda kidogo cha mbao cha kusimamisha mtu, hakuna nafasi ya kujinyoosha. Watu wanacheka hii sini, na inachekesha kweli, lakini weka akilini mambo mawili, kile kijiko na lile boksi. Vyote vinarudi.

Sikiliza pia zile ruhusa. Kwenye kazi barabarani mfungwa hafanyi lolote bila kutangaza, anavua shati anapiga kelele navua hapa bosi, anafuta jasho anatangaza, anaenda kichakani kujisaidia anatangaza na inabidi atikise kichaka ili askari ajue bado yupo. Mara ya kwanza unaiona kama rangi ya mazingira tu. Acha ikuzoee, mpaka usiisikie tena. Askari nao wameizoea, na hapo ndo Luke atakapopitia.

Na yule wa miwani. Boss Godfrey, kacheza Morgan Woodward, miwani ya kioo inayorudisha picha, bunduki, na hasemi neno. Hakuna neno hata moja. Kuna sini linaulizwa swali kwani huyu haongei, na Godfrey anatungua ndege kwa risasi moja, jibu linakuja kwamba nadhani ameshasema. Fanya hivi: kila kamera ikikaa kwenye ile miwani, angalia ndani ya kioo kunaonekana nini. Ni hao wafungwa, wadogo, wamejikunja. Hicho ndo kipimo cha jinsi wanavyoonekana na serikali, na dairekta hajakwambia, kakuonyesha tu.

Sasa ngumi. Luke anapigana na Dragline, George Kennedy, mbabe wa bweni, pande la mtu. Na kumbuka Kennedy ndo aliyeondoka na Oscar ya muvi hii, ya mwigizaji msaidizi, Newman aliishia kutajwa tu kwenye orodha. Hii sini usiangalie nani anapiga nani maana jibu linajulikana, Luke anapigwa kama ngoma. Angalia duara la watu. Mwanzo wanashangilia, wanacheka, jumamosi imepata burudani. Luke anaanguka anainuka. Kelele zinapungua. Anaanguka anainuka, sasa kuna wanaomwambia kaa chini basi, kisha hawamwangalii usoni tena, wanaanza kuondoka mmoja mmoja kama watu wanaoona aibu. Mpaka Dragline mwenyewe anachoka kumpiga mtu asiyeanguka jumla, anageuka anaenda zake. Luke kabaki amesimama katikati ya uwanja, kavimba uso, hana alichoshinda. Rudisha nyuma hii sini uiangalie tena bila kumtazama Luke kabisa. Kama kuna kitu kimoja utafanya kwenye mwongozo huu wote fanya hicho.

Karata zinafuata na ni sini hiyohiyo kwa nguo nyingine. Luke anacheza poka, anaongeza dola, anaongeza dola, uso haujasema kitu, wenzake wanaingia baridi wanakunja karata zao, na zikifunuliwa za kwake hana chochote. Mkono mtupu. Dragline ndo anayeunganisha, anapiga kelele kwamba kakushinda na patupu, kama alivyokuwa ananirudia mimi leo na patupu. Luke anajibu kwamba wakati mwingine patupu ni mkono mzuri, cool hand kwa kingereza chao, na jina la muvi likazaliwa hapo. Kuanzia usiku huo Dragline ni mtu wake. Hapo jiulize, kapenda nini? Maana siku hiyohiyo alitaka kumvunja mbavu.

Mama yake Luke anakuja kumtembelea, analetwa amelala nyuma ya gari, anavuta sigara na kukohoa, na hawaambiani kwamba ndo mara ya mwisho ila wote wanajua. Jo Van Fleet kacheza dakika chache tu na kaiacha alama. Kwa umri alimzidi Newman kama miaka kumi hivi, na hutahisi. Hapa sina la kukuelekeza, tulia tu usikilize. Baadae inapokuja telegramu kwamba mama kafariki, Luke anakaa kitandani na banjo anaimba wimbo wa kejeli kuhusu sanamu ya plastiki, sauti haikai sawa, na wenzake wanajiondoa pembeni kumwachia nafasi. Angalia hizo migongo.

Sini ya lami ndo ya furaha kuliko zote. Wamepewa barabara ya kumwagia mchanga juu ya lami, jua kali, kazi ya kuua, na Luke ghafla anaanza kwenda mbio. Bila sababu. Wenzake wanadhani kapata wazimu, afu wanaelewa, afu wote wanakimbizana na machepe wakicheka, askari wanababaika maana hawajui waadhibu nini, watu wanafanya kazi waliyotumwa, wanaifanya mno. Barabara inaisha. Yamebaki masaa mawili ya mchana na hakuna cha kufanya, mmoja anauliza tufanye nini sasa na jibu ni hakuna. Neno lilelile la kwenye karata. Muziki wa Lalo Schifrin pale una haraka fulani ya telegrafu, stesheni kadhaa za TV Marekani ziliuchukua ukawa wa taarifa ya habari, ukiusikia utasema mbona naujua.

Mayai sasa, kila mtu ameshaona hata klipu yake. Luke anasema anaweza kula mayai 50, Dragline bila hata kufikiri anamtetea, dau linawekwa, hela yote ya kambi inaingia, mayai ya kuchemsha, saa moja. Dragline baadae ndo anamuuliza faragha kwanini ulisema 50, si ungesema 35 au 39, na Luke anamwambia ilionekana namba nzuri ya mviringo. Kwa mtazamo wangu hii ndo sini inayoeleza ubishi wake wote, namba ameitoa hewani na sasa yuko tayari kupasuka tumbo kwa ajili yake. Angalia Dragline anavyomfanyisha mazoezi, anamkanda tumbo, kama mtu na bondia wake. Ikiisha watu wanachukua hela zao wanatawanyika, na Luke wamemwacha juu ya meza, kalala chali, mikono imetanuliwa huku na huku, miguu imepandana.

Ndio, msalaba. Tuongelee hilo liishe. Muvi imejaa hivi vitu na wapo wanaoiangalia kwa kuvihesabu tu: namba yake ya mfungwa ni 37 na ukifungua Injili ya Luka 1:37 utakuta kuhusu Mungu asiyeshindwa na jambo, kuna mikono ya kwenye mayai, kuna mwisho kule kanisani, kuna picha iliyochanika kwa umbo la msalaba na njia panda. Vimewekwa makusudi, sibishi, na ukweli vingine vimewekwa kwa chepe. Ushauri wangu vione, tikisa kichwa, endelea, maana ukigeuza muvi nzima kuwa fumbo la kidini utakosa kitu kikali zaidi, kwamba Luke hakuomba kuwa mwokozi wa mtu. Ile sini ya mvua na radi anapomfokea Mungu juu anamwambia nipende nichukie niue, fanya lolote nijue upo, ukiiangalia vizuri ni ya mtu mpweke kuliko ya mtakatifu. Dragline yuko pale anamsihi aache, anaogopa radi.

Nusu ya pili inabadilika rangi na hapa wengi wanashtuka. Mama kafa, na Captain kwa sauti ileile ya upole anaamua Luke awekwe kwenye boksi mpaka mazishi yapite, asije akatoroka kwenda kuzika. Hajafanya kosa lolote. Askari anayemfungia anamwambia samahani Luke natimiza kazi yangu tu, na Luke anamjibu kwamba kuiita kazi hakuifanyi kuwa haki. Mpaka hapo alikuwa hajajaribu kutoroka hata mara moja, wao ndo wamempa wazo. Ukiwa unaangalia na watu, pozisha hapo muongee, ni sehemu nzuri kuliko mwisho.

Kutoroka kwa kwanza ni usiku wa sherehe za tarehe 4 Julai, wenzake wanacheza wanapiga kelele na yeye anakata sakafu. Anarudishwa, anapigwa mnyororo, na hapo Captain, Strother Martin, anampiga, Luke anabingirika mtaroni, afu bwana mkubwa anajituliza na kutoa ile sentensi maarufu kwamba tatizo la hapa ni mawasiliano yameshindikana. Taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, mwaka 2005 iliiweka nafasi ya 11 kwenye orodha yake ya maneno 100 ya sinema. Watu wanaitumia kama utani, ila ukiisikia pale ilipo haichekeshi, mtu ameshika fimbo afu anasema shida ni kutoelewana. Sikiliza sauti, nyembamba, kama karani.

Mara ya pili ndo kichaka. Anatangaza, anatikisa, anatikisa, askari anaridhika, kumbe kafunga kamba anavuta kutokea mbali. Yale matangazo uliyoacha kuyasikia ndo yalikuwa mlango. Wale watoto weusi wanamletea shoka la kukatia mnyororo na pilipili za kuvuruga pua za mbwa, na wewe unacheka pamoja nao.

Halafu inakuja ile picha. Bweni linapokea gazeti, ndani yake picha ya Luke kavaa vizuri na warembo wawili, shampeni, na wafungwa wanaigeuza kama kitu kitakatifu. Siku anarudishwa kapondwa, minyororo miwili, hawamuulizi ameumia wapi, wanataka habari za picha. Na anawaambia ilikuwa feki, na walivyozidi kumsonga anafoka waache kujilisha kupitia yeye, waende huko nje wenyewe, anakosa hewa. Hii ndo sentensi kubwa ya muvi kwangu, sio ile ya Captain. Nenda nayo nyuma kichwani: ngumi, karata, lami, mayai. Walikuwa wanakula kila siku.

Na mara hiyohiyo muvi inakugeuzia. Katoka kwenye boksi, wamemrundikia mlima wa wali na asipoumaliza anarudi ndani, hawezi, anajilazimisha, na wale walaji wanakuja na vijiko vyao, vilevile vijiko vya sheria za Carr, mmoja anachota tonge, mwingine anachota, mpaka sahani inaisha. Hakuna hotuba. Kwahiyo ni kina nani hawa, wanyonyaji au ndugu? Muvi haikuchagulii na we usiwahi kuchagua.

Maana baada ya hapo kuna shimo. Askari mmoja anamwambia udongo wako uko kwenye mtaro wangu, utoe, akiutoa anakuja mwingine kwanini udongo uko kwenye uwanja wangu, ufukie, usiku na mchana mpaka anavunjika, analia, anashika miguu ya askari anaomba wasimpige tena. Bweni zima linaona. Anarudi ndani amejikokota, anaita wako wapi sasa, na watu wamegeuka ukutani. Kuna anayechana ile picha. Hii sehemu inauma kuliko risasi ya mwisho, na kama ulikuwa unawafuata wao toka mwanzo kama nilivyokwambia, itakuuma mara mbili sababu we pia ulishakasirika kidogo alivyolia. Usijifanye hukukasirika.

Anageuka mtumwa wa askari, anawachotea maji, anamletea Godfrey kobe aliyepigwa risasi, kobe ameshakufa lakini ameng'ata fimbo haachii, na Luke anaonyesha hilo kwa sauti kabisa. Dakika chache baadae anaondoka na lori, na funguo za magari mengine mfukoni. Dragline anarukia ndani na mwenyewe hajui kwanini.

Kanisani mwisho kule simalizii yote, ila angalia mikono ya Dragline akiingia na masharti aliyopewa na polisi, anaamini kweli kamletea rafiki yake ofa. Luke anasimama dirishani anarudia sentensi ya Captain kwa kejeli, na Godfrey, aliyekuwa haongei, anajibu kwa njia yake. Miwani yake inaishia chini ya tairi. Afu unarudishiwa msururu wa vicheko vya Luke kimoja baada ya kingine, mimi naona pale wamezidisha chumvi, stori ilishajisimamia, ila elewa kwamba ni Dragline anayesimulia. Ni kumbukumbu yake yeye. Sasa yeye ndo ana mnyororo na yeye ndo anawalisha wengine, na anachosema hakilingani sana na ulichokiona, yule Luke aliyelia miguuni kwa askari hayupo kwenye simulizi yake.

Ukiirudia, na irudie baada ya wiki kadhaa sio kesho yake, chagua mfungwa mmoja mdogo umfuate yeye tu toka mwanzo mpaka mwisho. Harry Dean Stanton yumo, jina lake kwenye orodha limeandikwa Dean Stanton, ndo anayeimba. Dennis Hopper yumo pia, karibu hana mistari, yupo tu anahangaika pembeni ya fremu. Mimi ningeanza na Koko, kacheza Lou Antonio. Huyo ukimfuata kwenye sini ya ngumi utamuona anaondoka lini.